Kiapo cha Sayyidna Abu Bakr: Maneno kwa Wenye Mafundo Moyoni

Muhadhara wa baada ya Isha, mwishoni mwa Shaabani, Tanga

Bismillahir Rahmanir Rahim. Alhamdulillah, wassalatu wassalamu ala Rasulillah.

Masheikh zangu, wazazi wangu, mama zetu mlioko upande wa pili wa pazia, na nyinyi vijana mliokaa hadi barazani: assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Siku hizi za mwisho wa Shaabani simu zetu hujaa ujumbe mmoja. Mnaujua. "Mwezi mtukufu umekaribia. Kama nilikukosea kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe kwa ajili ya Allah." Mtu huutuma kwa kila aliyemo kwenye simu yake, na kila anayeupokea hujibu, "Nimesamehe, nami nisamehe," kisha naye huusukuma kwa wengine. Asili ya jambo hili ni njema, na ni ya kwetu. Wazee wetu wa pwani walizungukiana majumbani kuombana radhi kabla ya kufunga. Anayekwenda Hija haondoki kabla hajawapitia jamaa na majirani. Na kila tunapozika, msemaji wa familia husimama akasema: anayemdai marehemu aje kwa warithi, na aliyekosewa naye tunamwombea msamaha. Sote tunaitikia: tumesamehe.

Mila hii ina msingi. Katika Sahihi ya Bukhari, Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba aliyemdhulumu ndugu yake, katika heshima yake au katika kitu chochote, basi aombe ahalalishiwe leo hii, kabla haijafika siku ambayo dinari na dirhamu hazitakuwapo. Siku hiyo malipo yatakuwa mema ya mtu, na mema yakimwishia, atabebeshwa maovu ya yule aliyemdhulumu.

Sasa naomba tujiulize kwa ukweli. Tunasameheana kila mwaka. Mbona mafundo yako pale pale? Ndugu wa tumbo moja waligombana kwa ajili ya nyumba ya baba yao mtaani Ngamiani. Wanaswali msikiti mmoja, na imamu akitoa salamu kila mmoja anatoka kwa mlango wake ili wasikutane viatuni. Dada ameachwa na watoto bila masurufu. Mtalaka wake anamtumia ujumbe ule ule anaomtumia fundi wake wa gari, naye anajibu "nimesamehe", kisha usiku anageuka huku na huku kitandani hapati usingizi. Mama amedhulumiwa pesa za upatu na mtu aliyemwita dada.

Mimi naona sababu ni kwamba tunasamehe kwa jumla. Msamaha wa jumla haumtaji mtu na haulitaji kosa, kwa hiyo haumfikii yeyote, hata huyo anayesamehe. Ni kidonda kilichofungwa kitambaa kabla ya kuoshwa.

Kwa hiyo leo sitawasomea orodha ya fadhila za kusamehe. Hizo mmezisikia tangu madrasa. Nataka tuingie katika nyumba moja tu tukae humo, nyumba ambayo watu wake waliumizwa kuliko wengi wetu: nyumba ya Sayyidna Abu Bakr (R.A.), sahaba wa karibu wa Mtume.

Ilikuwa baada ya vita vya Banu Mustaliq, wengine wakiviweka mwaka wa 5 wa Hijra na wengine mwaka wa 6. Bibi Aisha (R.A.), binti wa Abu Bakr na mke wa Mtume, alikuwa safarini pamoja na Mtume. Jeshi lilipotua, alitoka kwenda haja, na aliporudi akagundua kwamba kidani chake kimekatika. Akarudi kukitafuta. Waliokuwa wakibeba machela yake walidhani yumo ndani, kwa kuwa alikuwa binti mdogo, mwepesi, wakaipandisha juu ya ngamia wakaondoka. Akabaki peke yake. Safwan bin Muattal, aliyekuwa nyuma ya jeshi, akamkuta, akamwinamishia ngamia wake, akamwongoza hadi wakalifikia jeshi mchana. Hakuzungumza naye neno isipokuwa "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un". Ni hayo tu yaliyotokea.

Kiongozi wa wanafiki, Abdallah bin Ubayy, akalishika. Uvumi kwamba wawili hao wametenda uchafu ukaenea Madina kwa muda wa mwezi mzima. Bibi Aisha alikuwa mgonjwa na hajui lolote. Aliona tu kwamba Mtume hamwonyeshi upole ule aliouzoea akiugua. Na aliyemjuza alikuwa jamaa yao mwenyewe. Usiku mmoja alitoka na Ummu Mistah, na mama huyo akajikwaa kwenye nguo yake akasema, "Aangamie Mistah!" Bibi Aisha akamkemea: vibaya ulivyosema, unamtukana mtu aliyeshuhudia vita vya Badri? Ndipo mama akamweleza aliyoyasema mwanawe. Bibi Aisha anasimulia mwenyewe kwamba alilia usiku na mchana, machozi hayakauki na usingizi hauji, hata wazazi wake wakaona kilio kitampasua ini.

Tusimame kwa Mistah kidogo. Mistah bin Uthatha hakuwa mnafiki. Alikuwa Muislamu wa mwanzo mwanzo, ameacha Makka kwa ajili ya dini, amepigana Badri. Mama yake alikuwa binti wa mama mdogo wa Abu Bakr. Alikuwa fukara, na aliyekuwa akimlisha ni Abu Bakr. Chakula kilichokuwa tumboni mwake alipokuwa akisambaza yale maneno kilitoka kwa baba wa huyo binti aliyekuwa akimchafua.

Adui akikusema, unaumia ukapona. Hili la Mistah lina uchungu wake peke yake, na nadhani hapa msikitini wapo wanaoujua: mtu uliyemsomesha, uliyemlipia hospitali, uliyemtafutia kazi, na siku ya fitina yeye ndiye aliyekuwa na maneno mengi kuliko wote.

Aya za Suratun Nur zikateremka kumtakasa Bibi Aisha. Abu Bakr akaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hatampa Mistah chochote tena. Na Abu Bakr alikuwa nani? Mtu ambaye binti yake alimweleza kuwa ni laini wa moyo, akisoma Qur'ani hawezi kuyazuia machozi. Mtu laini kuliko watu wa umma huu baada ya Mtume wake, na bado moyo wake ulifunga fundo. Basi ndugu yangu mwenye kinyongo, usidhani umekwisha kuharibika. Kuumia kwako hakukutoi katika watu wema. Angalia tu hatua inayofuata.

Hatua inayofuata ilikuwa aya ya 22 ya sura hiyo hiyo. Mwenyezi Mungu anawataka wenye fadhila na wasaa wasiape kuwanyima jamaa zao, na masikini, na waliohama katika njia ya Mwenyezi Mungu. Wasamehe na waachilie mbali. Kisha anauliza: "Je, nyinyi hampendi Mwenyezi Mungu awasamehe?"

Tazameni aya hii ilivyomjia mtu aliyeumizwa. Haikumkaripia, bali ilimwita mwenye fadhila. Haikumwambia kwamba Mistah hakukosea, wala kwamba jambo lenyewe dogo. Aya zilizotangulia zimeuita uzushi ule uzushi, na zimesema watu walilichukulia jepesi na mbele ya Mwenyezi Mungu ni kubwa. Kisha ikamkumbusha Abu Bakr mambo ambayo hasira ilikuwa imeyafunika: yule ni jamaa yako, yule ni masikini, yule ni muhajiri. Yote matatu yalikuwa kweli kabla ya kosa na yalibaki kweli baada ya kosa. Mtu akitukosea, jina lake lote hugeuka kuwa kosa lake. Tunasema "yule aliyenila pesa zangu", na hapo ndipo utu wake unapoishia kwetu. Aya ilimrudishia Abu Bakr Mistah mzima.

Halafu lile swali. Halimuulizi kama anampenda Mistah, wala kama Mistah anastahili. Linamuuliza anataka nini yeye mwenyewe kwa Mola wake. Abu Bakr akajibu, "Naam, wallahi, mimi napenda Mwenyezi Mungu anisamehe." Akamrudishia Mistah masurufu yake, akasema hatayazuia tena kamwe.

Katika riwaya ya Bukhari hatusomi kwamba Mistah alikuja kwanza kuomba radhi. Laiti msamaha wa Abu Bakr ungekuwa unangoja mguu wa Mistah ufike mlangoni, amani ya Abu Bakr ingekuwa mikononi mwa Mistah. Wangapi kati yetu wameiweka amani yao mikononi mwa mtu ambaye pengine ameshasahau? Anakula, analala, anacheka na wanawe, na wewe miaka yote unangoja aje aseme neno. Kusamehe ni kuichukua amani yako kutoka kwake na kuirudisha kwa Aliyeiumba.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni: sheikh, basi haki imepotea. La. Katika Sunan za Tirmidhi na Abu Dawud imepokewa kwamba baada ya aya kuteremka, wanaume wawili na mwanamke mmoja walipigwa hadi, yaani adhabu ya sheria, kwa uzushi ule, na Mistah ametajwa kuwa mmoja wao. Mistah yule yule. Hukumu ilipita juu yake na masurufu yakaendelea. Msamaha wa Abu Bakr haukuifunga mahakama, na mahakama haikuufuta msamaha.

Nalisisitiza hili kwa sababu hapa kwetu msamaha umegeuzwa silaha ya kuwanyamazisha waliodhulumiwa. Mjane anadai sehemu yake katika mirathi, wakubwa wa ukoo wanakaa wanamwambia: mwanangu, yaliyopita si ndwele. Methali hiyo ina nusu ya pili, tugange yajayo, nayo huwezi kuganga yajayo wakati karatasi ya nyumba imeandikwa jina la mtu mmoja na warithi ni sita. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratun Nisaa, aya ya 148, kwamba hapendi maneno mabaya yatangazwe isipokuwa na aliyedhulumiwa. Amemwachia mdhulumiwa ulimi wake. Na katika Suratush Shura, aya ya 40, ametaja kwanza kwamba malipo ya uovu ni uovu mfano wake, akaithibitisha haki; kisha akasema mwenye kusamehe na kusuluhisha, ujira wake uko kwa Mwenyezi Mungu. Husamehe mwenye haki. Anayelazimishwa kusema "nimesamehe" mbele ya kikao cha wakubwa hajasamehe. Amenyamazishwa, na waliomnyamazisha wataulizwa.

Basi mama yangu, nenda mahakamani ukadai sehemu ya watoto wako. Nenda huku moyo wako umeshamwachia shemeji yako asiwe mtu unayemwamkia kwa laana kila alfajiri. Inawezekana. Nimekaa katika vikao vya suluhu za mirathi hapa mjini, na nimewaona wanawake wakiyafanya yote mawili kwa pamoja, na wale ndio wanaotoka wakiwa wametulia, wawe wamepata au wamekosa.

Turudi kwa Bibi Aisha mwenyewe, maana mara nyingi tunamtaja Abu Bakr tukamsahau mwenye jeraha. Mtume alipomjia nyumbani kwa wazazi wake kabla ya aya kuteremka, akamwambia kama ameteleza atubie, Bibi Aisha machozi yake yalikauka. Akawaomba wazazi wake wajibu kwa niaba yake, hawakuwa na la kusema. Akasema: sina mfano wangu na wenu isipokuwa baba yake Yusuf aliposema, "Subira njema, na Mwenyezi Mungu ndiye wa kuombwa msaada juu ya hayo mnayoyasema." Akageuka akalala kitandani. Na aya zilipoteremka, mama yake akamwambia inuka umwendee Mtume, yeye akajibu: wallahi siinuki kwenda kwake, wala simshukuru yeyote ila Mwenyezi Mungu. Hakuna aliyemkemea. Hakuna aliyemwambia mbona hujafurahi haraka. Mtu aliyelia usiku na mchana aliachiwa nafasi yake.

Na miaka baadaye, Hassan bin Thabit, mshairi, ambaye naye alikuwa miongoni mwa walioteleza katika uvumi ule, alitajwa vibaya mbele yake na Urwa, mtoto wa dada yake. Bibi Aisha akamkataza: usimtukane, yeye alikuwa akimtetea Mtume kwa mashairi yake. Angekuwa mtu wa kinyongo, hapo ndipo pa kukaa kimya akasikiliza kwa raha. Alimrudishia Hassan jema lake.

Alipomtaja baba yake Yusuf, alijiegemeza kwenye nyumba nyingine iliyopasuka. Mnakijua kisa chake. Yusuf (A.S.) alitupwa kisimani na kaka zake, akauzwa, akafungwa, akawa mweka hazina wa Misri, nao wakaja mbele yake wakiomba nafaka. Siku alipojidhihirisha kwao aliwaambia, "Hapana lawama juu yenu leo." Lakini kumbukeni kwamba siku hiyo ilitanguliwa na mambo. Waliondoka na kurudi, akawauliza habari za baba yao, akataka wamlete mdogo wao, akakiweka kikombe katika mzigo wa huyo mdogo, akaona kama watamwacha utumwani kama walivyomwacha yeye. Kaka mmoja akakataa kuondoka. Yusuf aliona kwamba wamebadilika.

Kinachonigusa zaidi kimo katika aya ya 100. Familia imekutana, wazazi wameketi, na Yusuf anazihesabu neema za Mola wake mbele yao. Anasema: amenitendea wema aliponitoa gerezani. Kisima hakukitaja. Gerezani alitiwa na watu wengine; kisimani alitiwa na hao waliokuwa wamesimama mbele yake mbele ya baba yao. Akamalizia kwa kusema kwamba Shetani ndiye aliyechochea baina yake na ndugu zake. Huo ndio msamaha uliokamilika: una kila sababu ya kukumbusha, una hadhira, una madaraka, na unaliruka lile jambo ili ndugu yako asione haya.

Baba yao Yaqub (A.S.) hakufanya haraka hivyo. Wanawe walipomwomba awaombee msamaha, alijibu kwamba atawaombea kwa Mola wake, akaiahirisha dua hiyo. Wafasiri wengi wamesema aliingojea saa ya sahari, kabla ya alfajiri, wengine usiku wa Ijumaa. Mimi nasoma hapo pia uchungu wa mzazi aliyelia hadi macho yakawa meupe. Yusuf alisema leo. Yaqub alisema nitawaombea. Wote wawili ni Mitume. Kwa hiyo tusimharakishe mtu. Mwenzako akikuambia, "Nimekusikia, nipe muda," usiende kumtangaza kwamba ana roho mbaya.

Kuna jambo lingine linalowatesa sana watu, hasa wanawake waliopigwa na waume zao na watoto walioumizwa na jamaa wa nyumbani. Wanaambiwa: kama umesamehe kweli, mbona hurudi? Nawajibu kwa kisa cha Wahshi. Huyu alimuua Hamza, ami yake Mtume, kwa mkuki siku ya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra. Makka ilipofunguliwa mwaka wa 8 alikimbilia Taif, kisha akaja Madina pamoja na wajumbe wa Taif. Mtume akamuuliza, wewe ndiye Wahshi? Wewe ndiye uliyemuua Hamza? Akakiri. Uislamu wake ukakubaliwa, damu yake ikahifadhiwa, hakuna aliyemgusa. Kisha Mtume akamuomba: je, unaweza kunificha uso wako? Akaondoka, na katika vita vya Yamama, baada ya Mtume kufariki, alishiriki kumuua Musaylima mwongo, aliyejidai utume.

Mtume, rehema kwa walimwengu, amesamehe, na macho yake hayakuweza kumtazama muuaji wa ami yake. Yote mawili yamethibiti katika hadithi moja. Dada yangu, unaweza kumsamehe mtu aliyekuvunja mkono na usilale tena chini ya paa lake. Atakayekuambia huo si msamaha, msomee hadithi ya Wahshi katika Bukhari.

Naomba mnivumilie kwa kisa kimoja zaidi, kwa sababu kinatoka moja kwa moja katika ile aya ya Abu Bakr. Imam Ahmad bin Hanbal alifungwa zaidi ya miaka miwili Baghdad kwa kukataa kusema kwamba Qur'ani imeumbwa, na Khalifa Muutasim akaamuru apigwe mijeledi hadi akazimia. Alama zilibaki mgongoni mwake. Baadaye akasema amemhalalishia Muutasim, na hoja aliyoitoa ni hii: Mwenyezi Mungu amesema wasamehe na waachilie mbali, na Abu Bakr aliamrishwa amsamehe Mistah. Akaongeza kuuliza: itakufaa nini ndugu yako Muislamu aadhibiwe kwa sababu yako? Karne mbili zimepita, mtu ana majeraha ya mijeledi mgongoni, na dawa anayojipaka ni kisa cha Mistah. Na hata yeye aliweka mpaka: alisema amewasamehe wote waliomtaja kwa ubaya, isipokuwa mtu wa bidaa, yaani mwenye kuzua mambo katika dini. Alijua anamsamehe nani na kwa lipi.

Basi mtu afanyeje? Sijui njia fupi, na anayewauzia njia fupi msimwamini. Ninaloweza kuwaambia ni mlifanye kama Abu Bakr alivyolifanya, kwa jina na kwa tukio. Usiku wa leo ukimaliza witri, baki kwenye mswala. Mtaje mtu mmoja, mmoja tu. Sema mbele ya Mola wako alichokufanyia, kwa Kiswahili chako, bila kukipunguza na bila kukipamba: Ya Rabbi, fulani alichukua shamba la minazi la baba yangu akanifanya mgeni kwangu. Lia ukitaka. Kisha jisomee lile swali, hampendi Mwenyezi Mungu awasamehe, ukumbuke yako unayoyajua wewe na Yeye. Kisha mrudishie huyo mtu mambo matatu ya kweli yaliyo nje ya kosa lake. Ni kaka yangu. Alinibeba mgongoni nilipokuwa na surua. Hana amani na wanawe. Kama huwezi kumwombea dua, siku ya kwanza usimwombee. Acha tu kumwapiza. Siku zikienda ulimi utafunguka. Mimi naamini kwamba dua kwa jina lake ndiyo inayolegeza fundo kuliko mawaidha yoyote, hata haya.

Na wewe ambaye jina lako litatajwa usiku wa leo kwenye mswala wa mtu mwingine, usingoje ujumbe wa jumla. Nenda. Ukifika usiseme "kama nilikukosea". Unajua ulikosea. Taja kosa, rudisha kilicho cha watu, na kama huna, andikiana naye utalipa lini. Mtume amesema mbora wa wawili waliosusiana ni yule anayeanza kutoa salamu.

Wapo walioumizwa na watu waliokwisha kufa. Baba aliyewatelekeza, akarudi akiwa maiti. Hata waliokufa wanasamehewa, na pengine wao ndio wanaouhitaji zaidi, kwa kuwa hawawezi tena kurudi kutengeneza. Mtolee sadaka kidogo kwa nia yake siku utakayoweza.

Na wapo waliojaribu yote wakashindwa. Hao nawaambia kwa moyo wote wasikate tamaa. Katika Suratul Hijr, aya ya 47, Mwenyezi Mungu anawaeleza watu wa Peponi: "Na tutaondoa mafundo yaliyomo vifuani mwao, wawe ndugu, wameketi juu ya viti wakielekeana." Wameingia Peponi, na mafundo anayaondoa Yeye. Kazi ya mwisho ni yake. Yako ni kuacha kulilisha hilo fundo, na kumwomba.

Basi tuinue mikono, tuombe kwa dua iliyomo katika Suratul Hashr. Mola wetu, tusamehe sisi na ndugu zetu waliotutangulia kwa imani, wala usiweke ndani ya nyoyo zetu mafundo kwa walioamini. Mola wetu, hakika wewe ni Mpole, Mwenye kurehemu. Aamin. Aamin ya Rabbal alamin.

Msitawanyike upesi. Masheikh wawili watabaki hapa barazani, na upande wa mama zetu yupo ustadha. Mwenye shauri la mirathi au la ndoa aje, na kama ana karatasi aje nazo. Ndugu waliogombana wakipenda kuja pamoja, tutakaa nao hata usiku uende. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.